Kila nikiiacha krimu, uso unawaka moto

Shikamoo Mama,

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu nimechoka kujificha. Nina miaka 31, nimeolewa, na nina mtoto mmoja wa miezi tisa ambaye bado ananyonya.

Mtoto alipofikisha miezi miwili, kidevu changu kilijaa chunusi, na kila iliyokauka iliacha doa jeusi. Rafiki yangu wa karibu, ambaye ngozi yake nilikuwa naitamani siku zote, akanitajia krimu anayotumia. Nikaenda duka la dawa, nikaitaja, nikapewa. Hakuna aliyeniuliza ni ya nini. Ni tyubu ndogo, na kwenye boksi pameandikwa kwamba inatibu fangasi, muwasho, ukurutu na vipele. Nilipoigeuza nikaona ina dawa tatu: klobetasoli asilimia 0.05, dawa ya fangasi na antibiotiki. Nikajiambia 0.05 ni kitu kidogo sana, hii haiwezi kunidhuru.

Mama, siku ya nne uso ulikuwa laini kama wa mtoto. Chunusi zilinywea, ngozi ikang'aa, watu wakawa wananiuliza nimejipaka nini. Nikaendelea asubuhi na usiku. Kama miezi miwili baadaye vikaanza vipele vidogo vidogo vyekundu kuzunguka mdomo hadi kwenye mikunjo ya pua. Cha ajabu haviigusi midomo yenyewe, pamebaki kama uzi wa ngozi safi unaoizunguka. Mashavuni, nikijitazama karibu na dirisha, naona vijishipa vyekundu vyembamba kama nyuzi. Nikipika na mvuke ukanipiga, uso unachoma. Juani ndiyo usiseme.

Nimejaribu kuiacha mara tatu. Kila mara siku ya kwanza inapita salama. Siku ya tatu uso unakuwa mwekundu, unavimba, unawasha na kuungua mpaka silali. Nikirudia kupaka, ndani ya saa chache nimetulia. Kwa hiyo nimeona nina ugonjwa ambao krimu hii ndiyo inauzuia.

Nikadhani pia chunusi zimeizoea dawa, nikaongeza nyingine. Nikanunua ya benzoili peroksaidi, nikachagua ya asilimia 10 badala ya 2.5 kwa kuwa nilitaka yenye nguvu, na sabuni ya maji yenye asidi ya salisiliki. Kwa ajili ya madoa nikaagiza mtandaoni kikopo cha krimu ya kung'arisha. Hakina maandishi zaidi ya jina na picha ya ua. Sasa wifi yangu ananiambia niachane na vyote nitumie za vitamini A, na mwenzangu kazini anasema haidrokwinoni ndiyo kiboko ya madoa.

Naomba unisaidie. Huu ni mzio? Tyubu niiache ghafla au polepole? Na nipake nini badala yake? Mume wangu hajaniambia neno baya hata moja, lakini nimeanza kulala nikiwa nimeelekea ukutani.

Nilitaka kusahau: hiyo krimu ya tyubu huwa nampaka na mtoto, kidogo tu, akipata wekundu wa nepi. Siku mbili tatu, basi. Inamponyesha haraka kuliko kitu kingine chochote. Hiyo haina shida, sivyo?

Ninayeungua uso

*

Marahaba, mwanangu.

Maswali yako matatu ni ya uso, lakini lililonifanya nikujibu haraka ni hilo uliloliweka mwishoni kama vile si swali. Mtoto usimpake tena krimu hiyo, kuanzia leo. Ngozi ya mtoto wa miezi tisa ni nyembamba, na mwili wake ni mdogo, kwa hiyo hata dawa kidogo inayopenya ni nyingi kwa uzito wake. Halafu juu yake unamfunga nepi. Nepi inafanya kazi ya plastiki: inatunza joto na unyevu, na dawa inazidi kuzama. Klobetasoli haipendekezwi kwa mtoto aliye chini ya miaka 12 hata mkononi, sembuse ndani ya nepi. Ikiingia mwilini kwa wingi huzipumbaza tezi zilizo juu ya figo, zile zinazotoa homoni ya kumwezesha mtu kuhimili ugonjwa. Watoto waliopakwa dawa hizi kwa muda mrefu wameonekana wakivimba uso na kuchelewa kukua.

Siku mbili tatu za hapa na pale hazimaanishi kwamba ameshadhurika. Hata hivyo mpeleke kwa daktari kesho, apimwe uzito na urefu, na useme yote: jina la krimu, umempaka mara ngapi, sehemu gani. Ukimwona amelegea, hataki kunyonya, anatapika au ana homa, usingoje kesho. Wekundu wenyewe una dawa nyepesi. Mbadilishe nepi mara kwa mara, mwoshe kwa maji, mkaushe kwa kumgusagusa bila kumsugua, mwache bila nepi kwa muda kila siku, kisha mpake krimu ya zinki iwe kama ukuta kati ya ngozi na mkojo. Baada ya siku tatu wekundu ukigoma, au ukiona vijipele vimetawanyika pembeni yake hadi kwenye mikunjo ya mapaja, huenda ni fangasi. Hapo atahitaji dawa ya fangasi peke yake, isiyo na mchanganyiko wowote.

Sasa tuje usoni kwako.

Ule uzi wa ngozi safi unaozunguka midomo umeniambia mengi. Vipele vinavyouzunguka mdomo, vikapanda hadi mikunjo ya pua na kuuacha ukingo wa midomo bila kuugusa, ni alama inayojulikana sana ya uso uliopakwa steroidi, yaani jamii ya dawa za kutuliza uvimbe na muwasho. Klobetasoli ni steroidi, tena iko kwenye daraja la juu kabisa la ukali miongoni mwa steroidi za kupaka. Sijakuona kwa macho, na daktari wa ngozi ndiye atakayethibitisha, lakini maelezo yako yote yanaelekea huko: vipele, vijishipa, kuungua kwa mvuke na jua, na ile siku ya tatu. Ugonjwa unaodhani krimu inauzuia umeletwa na krimu yenyewe.

Nataka ujue imekuwaje, kwa sababu usipojua, siku ya tatu itakushinda tena.

Kwanza hiyo 0.05. Wewe si wa kwanza kudanganywa na tarakimu hiyo. Haidrokotisoni, steroidi nyepesi ambayo watu hupaka wakiumwa na wadudu, huwa ya asilimia 1. Ukitazama tarakimu tu utaona 1 ni mara 20 ya 0.05, utadhani haidrokotisoni ndiyo kali. Ni kinyume kabisa: klobetasoli hukadiriwa kuwa kali kuliko haidrokotisoni mara mamia. Asilimia inakueleza kiasi cha dawa kilichomo ndani ya krimu. Ukali wa dawa yenyewe haikuelezi. Unaweza kulinganisha asilimia za dawa ile ile, na hata hapo tutaona kwenye benzoili yako kwamba kubwa si lazima iwe bora.

Pili, ule mng'ao. Steroidi huibana mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi. Damu inapungua pale juu, wekundu unatoweka, uvimbe unashuka, ngozi inapauka. Kupauka huko ni jambo la hakika kiasi kwamba tangu mwaka 1962 wataalamu wamekuwa wakipima ukali wa steroidi kwa kuipaka kwenye ngozi ya mtu mzima na kuangalia inapauka kiasi gani. Uliposifiwa siku ya nne, watu walikuwa wanaisifu ngozi iliyonyimwa damu. Chunusi zilinywea kwa sababu dawa ilikuwa imeunyamazisha mwili usiitikie. Kilichozileta hakikuguswa.

Ukiendelea kupaka, ngozi inazidi kuwa nyembamba. Mishipa iliyokuwa imefichwa ndani inaonekana, ndiyo hivyo vijishipa vya dirishani. Mishipa nayo inazoea kubanwa. Siku unayoinyima dawa inafunguka yote kwa pamoja, damu inajaa, na joto, wekundu, uvimbe na muwasho vinakuja mara moja. Ukipaka inabanwa tena, unapumua. Umeuishi mzunguko huo mara tatu. Hukuwa mzembe wala dhaifu, mwanangu, ndivyo dawa hii inavyomshika mtu.

Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka mingi, na krimu hizi za tatu kwa moja nilizijua kwa tyubu zake. Mwenye ugonjwa wa wiki mbili hurudi na tyubu iliyobonyezwa katikati, tena imebaki na dawa. Aliyekamatwa na krimu huja na tyubu iliyokunjwakunjwa kuanzia mkiani hadi shingoni, imebanwa mpaka bati limepasuka, akaiweka kaunta kifudifudi na kusema, «nipe kama hii.» Hasemi ugonjwa, kwa sababu ugonjwa wenyewe alishausahau. Nakumbuka mwanamke mmoja aliyekuwa anachokonoa ya mwisho kwa njiti ya kiberiti. Nchi nyingi zimeweka sheria kwamba steroidi kali isitolewe bila cheti cha daktari. Pale inapotolewa kama peremende, anayelipa ni mnunuzi kwa ngozi yake, na hili linaniuma sana, kwa sababu swali moja tu, «unapaka wapi?», lingetosha kukuokoa.

Sisemi steroidi ni sumu. Mtu mwenye ukurutu mkali, au mwenye mabaka mazito viganjani na kwenye nyayo, anaweza kurudishiwa usingizi wake na dawa hizi, na nisingependa asome barua hii akazitupa zake. Kwake zina masharti: klobetasoli haipiti wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki, na usoni, kwapani na kwenye mapaja kwa ndani haipakwi labda daktari awe amesema kwa sababu maalumu. Na mtu mwenye fangasi ndiye anayedanganywa zaidi na tyubu ya tatu kwa moja. Duara la fangasi lina ukingo unaoonekana wazi. Likipakwa steroidi ukingo unafifia, muwasho unakwisha, mtu anadhani amepona, huku fangasi inatambaa chini kwa chini kwa sababu kinga ya ngozi imelazwa. Anapofika kwa daktari, hata daktari anapata kazi kuitambua.

Uliuliza, ghafla au polepole? Kwa uso uliopakwa kila siku mara mbili kwa miezi saba, jibu hilo lazima litoke kwa daktari aliyekutazama. Wengine huambiwa waache moja kwa moja. Wengine hushushwa kwa steroidi nyepesi kwa muda mfupi kisha wanaacha. Mara nyingi pia hutolewa antibiotiki ya kumeza kwa ajili ya vile vipele vya mdomo, na hapo usisahau kutamka kwamba unanyonyesha, maana si kila antibiotiki inamfaa mama anayenyonyesha. Waliyo nayo wote kwa pamoja ni hili: kabla ya nafuu hali huwa mbaya zaidi. Siku za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, na vipele vinaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi, kuisha. Ukilijua hilo mapema, siku ya tatu haitakutisha. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi kikawekwa usoni kwa dakika kumi kinasaidia kuliko unavyodhani. Mwambie mumeo ni wiki gani utaianza safari hiyo, akushikie mtoto usiku mmoja mmoja. Na tyubu zilizobaki zisiwe ndani ya nyumba, kwa sababu saa nane za usiku, uso unapowaka, mkono hauombi ruhusa.

Kama krimu ilifika kwenye kope au karibu na macho, mwambie daktari apange upimwe presha ya macho. Steroidi ikitumika huko muda mrefu inaweza kuipandisha, na presha ya macho haiumi mpaka imeshaharibu. Na ukipata kizunguzungu cha mara kwa mara, uchovu usio wa kawaida au kutapika baada ya kuacha, nenda hospitali ukaseme «nilikuwa napaka steroidi kali». Wasipojua hilo watatafuta ugonjwa mahali usipo.

Kikopo chenye picha ya ua ndicho kilichonitia hofu kuliko hata tyubu. Tyubu angalau imekiri kilichomo. Krimu za kung'arisha zisizo na orodha ya viambato zimepatikana mara nyingi zikiwa na zebaki, na zebaki hupita kwenye ngozi ikaenda kuziharibu figo na neva. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa kuhusu zebaki yaliyoanza kutumika mwaka 2017, umeziwekea marufuku vipodozi vya zebaki, na bado zinauzwa. Tena hazimwishii aliyejipaka. Zebaki inabaki kwenye taulo, kwenye foronya, kwenye mikono, na mtoto anayelala shavu lake likiwa juu ya shavu lako anaipata. Kifunike kikopo hicho vizuri, kitie ndani ya mfuko na kuufunga, usikichome moto wala kukimwaga kwenye sinki, kisha waulize maafisa wa afya wakipokee. Taulo na foronya ulizotumia nazo zitenge mpaka watakapokuambia la kufanya. Mwombe daktari kipimo cha zebaki kwenye mkojo, hasa kama umekuwa na mikono inayotetemeka, hasira zisizo na sababu, miguu inayovimba au mkojo wenye povu.

Benzoili peroksaidi ni dawa nzuri ya chunusi, ila si kwa ngozi iliyo katika hali yako leo. Iweke pembeni. Siku utakapoihitaji, chukua hiyo ya 2.5. Imeshalinganishwa na ya 10, na kwa chunusi za kawaida inazipunguza karibu sawasawa huku haichomi kama hiyo ya 10. Kwenye ngozi nyeusi, kila muunguzo unaacha doa, kwa hiyo ile nguvu uliyoilipia ndiyo inayokuongezea madoa unayoyakimbia. Na uijaribu kwanza sehemu moja au mbili ndogo kwa siku tatu. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu dawa za chunusi zinazouzwa bila cheti zenye benzoili peroksaidi au asidi ya salisiliki: ilikuwa imekusanya taarifa 131 za watu waliopata mzio mkali au muwasho mkubwa tangu mwaka 1969. Ni wachache sana ukilinganisha na mamilioni wanaozitumia, lakini koo likikaza, midomo au ulimi ukivimba, au ukihisi kuzimia, hiyo ni dharura ya hospitali. Ngozi kukauka na kubanduka kidogo ni kawaida yake. Taulo jeupe litumie kwa siku hizo, maana za rangi inazifubaza.

Wifi yako ana nia njema. Dawa za jamii ya vitamini A, kama adapalini na tretinoini, husaidia kweli chunusi na madoa, lakini ngozi yako sasa haiwezi kuzibeba, na kama mnafikiria mtoto wa pili hazipakwi wakati wa ujauzito. Zisubiri.

Haidrokwinoni usiiguse bila daktari. Hupunguza madoa ikitumika kwa miezi michache chini ya uangalizi, hilo ni kweli. Ikitumika kiholela, kwa muda mrefu na juani, inaleta kitu kinachoitwa okronosisi: weusi wenye ubluu unaojitokeza mashavuni na kuzunguka macho, mgumu mno kuuondoa. Uligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1975 kwa watu waliokuwa wanatumia krimu hizo hizo za kung'arisha, na walipoona weusi unaongezeka walizidisha kupaka. Unaona ni mzunguko ule ule.

Basi upake nini? Karibu na hakuna. Najua inavunja moyo, maana mtu akiwa na uso unaouma anataka mkononi awe na kitu. Osha uso mara mbili kwa siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini isiyo na harufu wala dawa. Ngozi ikikauka paka losheni rahisi isiyo na manukato, au mafuta ya mgando kidogo sana mahali palipochubuka. Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati, na ukipe wiki mbili kabla ya kingine, ili kikikuchoma ujue ni kipi. Kofia pana kwanza, na ngozi ikitulia ongeza krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, kwa sababu doa lisilokingwa na jua halifi. Madoa ya chunusi mengi hufifia yenyewe kwa miezi. Vijishipa huenda vikabaki baadhi, na ngozi iliyonyembeka hurudi taratibu, si yote, lakini kwa miezi saba una nafasi nzuri kuliko wengi walioniandikia wakiwa na miaka saba.

Siku ya kwenda kwa daktari, vibebe vyote: tyubu, benzoili, sabuni, kikopo kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko wake. Andika kwenye karatasi ulianza lini na unapaka mara ngapi. Na tangu sasa, kabla ya kununua krimu yoyote ya muwasho, soma orodha kwa makini. Hilo jina klobetasoli utaliona kwenye tyubu limeanza na herufi C. Ndugu zake wengi, kama betamethasoni na mometasoni, majina yao huishia kwa mlio huo wa «soni». Ukiuona, muulize mfamasia: hii ni ya daraja gani la ukali, inapakwa wapi, na siku ngapi? Akishindwa kukujibu, usinunue.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Rafiki yako bado anapaka. Mkae naye karibu na dirisha, umwonyeshe mashavu yako, naye ayatazame yake. Asikusikie wewe akaitupa tyubu siku hiyo hiyo. Kama yeye anapaka mwili mzima, au amepaka kwa miaka, tezi zake huenda zimeshalala, na kuacha kwa ghafla kunaweza kumwangusha. Aende kwanza kwa daktari akiwa na tyubu yake, na kama anaona aibu kwenda peke yake, nendeni pamoja.